Shati la mtumba limeandikwa Bangladesh: hawa jamaa walitupitia wapi?

#1 Mzee wa Belo
Wakuu, salama. Jana nimefungua belo la mashati ya kiume hapa Memorial, Moshi. Mvua inanyesha, mteja hakuna, nikaanza kusoma lebo za shingoni moja moja. Mashati 40 ya juu: 17 yameshonwa Bangladesh, yaliyobaki Vietnam, China, Uturuki, na mengine lebo zimekatwa. Nikachukua moja la buluu nikaligeuza ndani nje. Mshono umenyooka kama reli, hakuna uzi uliochomoza. Limevaliwa Ulaya mpaka kola ikapauka, limetupwa, limepanda meli, na bado litampeleka mtu kwenye usaili wa kazi.

Kinachoniumiza kichwa ni hiki. Hii nchi imezaliwa 1971, miaka kumi nyuma yetu. Imezaliwa vitani, mwaka mmoja baada ya kimbunga kilichoua watu zaidi ya 300,000, halafu 1974 ikapigwa na njaa. Ardhi yake inaingia kwetu mara sita na chenji inabaki, ila wao ni kama milioni 170. Dhahabu hawana, tanzanite hawana, pamba yenyewe wanaagiza nje! Kissinger, yule mshauri wa rais wa Marekani, aliwaita ombaomba wa dunia. Leo pato la mtu kwa mwaka kule ni kama dola 2,500, sisi kama 1,200.

Walifanya nini? Jibu la "uongozi bora" msiniletee, hilo nimeshiba.

#2 Kobe Asiye na Haraka
Nimekaa paleee na karanga zangu.

#3 Nondo Kavu
Kwanza tumwache Kissinger. Maneno yale yalitoka kwa Ural Alexis Johnson wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, kikaoni, Desemba 1971. Kissinger alichojibu ni kwamba si lazima wawe mzigo wao Wamarekani. Si kwamba namtetea, ila tusimpe hata asichosema.

Pili, jibu ni nguo, na nguo zenyewe zilianza kwa bahati. Kuanzia 1974 nchi tajiri ziligawa mgao: kila nchi inayoshona iliambiwa mwisho wako ni kiasi hiki. Korea Kusini ikajaza mgao wake. Kampuni ya Daewoo ikatafuta nchi ambayo mgao wake haujaguswa, ikakutana na Noorul Quader, ofisa wa serikali aliyegeukia biashara, mwenye kampuni ya Desh. Mwaka 1979 wafanyakazi 130 wakapelekwa Busan kujifunza kwa miezi 6. Kukata, kushona, kukagua, kupanga mstari, mpaka namna ya kumuuzia mzungu. Baada ya miaka michache, 115 kati yao walikuwa wameshaondoka Desh, wengi wakaenda kufungua au kusimamia viwanda vingine.

Na kuna ujanja wa kibenki ambao watu hawausemi. Ukiwa na oda ya mnunuzi wa nje, benki inaichukua hati yake ya malipo kama dhamana, inakufungulia ya pili ya kununulia kitambaa. Kitambaa kinaingia bila ushuru, kinakaa ghala la forodha, kinatoka kikiwa shati. Mtu mwenye cherehani 50 na asiye na mtaji aliweza kuuza Marekani. Hapo ndipo walipotupitia.

#4 Fundi Mapande
Mkuu #3, hapo kwenye 130 nimekuelewa kuliko wachumi wote wa kwenye runinga. Mimi hapa Tandika nimefundisha vijana 9. Wote wameondoka na watatu wamefungua mabanda yao mbele ya banda langu, mteja akishuka kwenye bajaji anawaona wao kwanza. Kumbe nilikuwa najenga taifa.

#5 Kobe Asiye na Haraka
😂😂 Fundi ameuawa na Daewoo.

#6 Nesi Mstaafu
Habari zenu wanangu. Naona mnaanzia cherehani, mimi nitaanzia chooni, mnisamehe.

Huwezi kushona kama mtoto anaharisha nyumbani na wewe ndiye unayemwangalia. Bangladesh ilikuwa nyumbani kwa kipindupindu. Maji ya chumvi na sukari ya kunywa, ambayo leo mnayajua kama pakiti ya ORS, yalijaribiwa kwa wagonjwa pale Dhaka mwaka 1968. Vita vya 1971 vilipokuja, wakimbizi wakajazana mpakani upande wa India, dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha. Kwenye kambi yake vifo vya kipindupindu vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4.

Lakini pakiti za kiwandani zisingetosha nchi nzima. Kuanzia 1980, shirika lao la BRAC likatuma wanawake nyumba kwa nyumba kwa miaka kumi. Kina mama zaidi ya milioni 12 walifundishwa, mmoja mmoja, kwenye uwanja wa nyumba yake. Kipimo: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, maji nusu lita. Sukari guru, ile ile ya kwetu, wao wanaiita gur tu. Mama anachanganya mwenyewe, mwalimu anaangalia.

Na sasa sikilizeni hili, maana nimefanya semina nyingi za posho katika maisha yangu. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizopita. Baada ya wiki kadhaa mkaguzi anarudi kwa baadhi ya kina mama na kuwauliza maswali kumi na kuwataka wachanganye tena. Mama akikumbuka vizuri, mwalimu analipwa vizuri. Mama akisahau, mshahara unapungua. Mwanzoni hata hivyo mambo hayakwenda, mpaka wakagundua walimu wenyewe wakiharisha wanakwenda kununua vidonge! Na akina baba walikuwa wanakataa kwa kuwa hawakuambiwa. Ikabidi wafuatwe msikitini na sokoni.

Mwaka 1990 katika watoto 1,000 zaidi ya 140 hawakufika miaka 5. Sasa ni kama 30.

#7 Nondo Kavu
Shikamoo mama. Nyongeza ndogo ili tusijidharau kupita kiasi: kwetu utafiti wa 2022 ulitoa vifo 43 kwa 1,000. Na sisi tulianzia juu zaidi yao. Kwenye watoto pengo si kubwa kama kwenye mashati.

#8 Nesi Mstaafu
Marahaba. Ni kweli, na hiyo kazi nimeifanya kwa mikono hii. Asante kwa kukumbuka.

#9 Nimechoka na Marejesho
Mtu asije hapa akaanza kusifia mikopo ya akina mama. Najua mnaelekea huko. Benki yao ya Grameen, mwanzilishi wake Yunus, Nobel 2006, nimeyasoma.

Mimi niliingia kikundi cha watu watano, mtindo huo huo, kila Jumanne asubuhi tunakaa kwenye mkeka na daftari. Mwenzetu mmoja akahama usiku. Jumanne iliyofuata tukaambiwa tumlipie. Nilikuwa na mtaji wa maandazi wa laki na nusu, ukaenda. Wiki ya tatu wakachukua godoro la mwanangu. Walilitoa mlangoni likiwa na shuka lake, shuka wakanirudishia, wakalikunja vizuri kabisa. Sitawataja. Mtaani tunaita kausha damu, na mtaa haujakosea.

#10 Nondo Kavu
Pole sana dada. Kwa kweli hata watafiti waliopima mikopo midogo nchi mbalimbali walikuta faida ni ya wastani tu, haimtoi mtu kwenye umaskini kama ilivyohubiriwa. BRAC wenyewe waliona kwamba fukara wa mwisho hawakopi kabisa, wanaogopa. Mwaka 2002 wakaanza mpango mwingine: unapewa ng'ombe au mbuzi, si mkopo, unapewa posho ndogo ya kula ili usimuuze, na mtu anakuja kukutembelea kwa miaka miwili hivi. Huo ndio uliopimwa ukaonekana kushika.

#11 Nimechoka na Marejesho
Ng'ombe ningempenda. Godoro kwanza lakini.

#12 Mwana wa Athi River
Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Niliwahi kushona kwenye kiwanda cha maeneo huru hapa Kenya, mashati ya kwenda Marekani chini ya AGOA, mpango wa kuingiza bidhaa za Afrika kule bila ushuru. Mstari wetu ulikuwa na watu 60 na msimamizi wa mstari alikuwa kijana wa Bangladesh. Alikuwa akisimama nyuma yako bila kusema kitu, halafu ananyoosha mkono, anasogeza kiti chako inchi mbili upande wa kulia. Inchi mbili tu. Nikaona napitisha kola 10 zaidi kwa saa. Nilimchukia kwa sababu alikuwa sahihi.

Halafu msiseme sisi huku ni wa kufunzwa tu. M-Pesa ilianza 2007 hapa kwetu, wao wakaona, na 2011 wakaanzisha bKash yao. Sasa wafanyakazi wengi wa viwandani wanapokea mshahara kwenye simu. Hiyo walitoa kwetu.

#13 Kobe Asiye na Haraka
Mkenya akipita kwenye uzi bila kutaja M-Pesa anatozwa faini.

#14 Profesa wa Kijiweni
Wote mnagusagusa. Jibu ni msongamano. Zaidi ya watu 1,000 kwa kilomita moja ya mraba, karibu wote wanazungumza Kibangla. Yule mwalimu wa mama #6 alitembelea nyumba nyingi kwa siku kwa miguu. Mpeleke huyo huyo Liwale aone kutoka kitongoji hadi kitongoji. Umeme, shule, kiwanda, chanjo, kila kitu ni rahisi watu wakiwa wamekaa bega kwa bega.

#15 Mrundi wa Kigoma
Profesa, sisi Burundi tumebanana na lugha ni moja. Nisaidie kutafuta kiwanda cha mashati pale Ngozi.

#16 Profesa wa Kijiweni
Ninyi hamna bahari.

#17 Mrundi wa Kigoma
Basi jibu ni bahari, si msongamano. Umebadilisha mtihani katikati.

#18 Mpemba wa Maskati
Asalaam alaykum. Mie nipo Oman mwaka wa kumi na moja, na Mabangali nimekaa nao chumba kimoja. Nyote mmesahau pesa inayotoka huku. Zaidi ya dola bilioni 20 kwa mwaka zinarudi kwao kutoka Ghuba na kwengineko. Mwenzangu mmoja aliuza shamba la mpunga la baba yake kumlipa dalali wa visa, akaja kubeba matofali. Miaka minne ya mwanzo alikuwa analipa deni tu. Wa tano ndo akaanza kujenga. Simuni yake ilikuwa na picha ya ukuta: kila mwezi nduguye anamtumia picha, ukuta umepanda kozi mbili. Hilo ndo pato lenu mnalolisifu, limejengwa na watu wasiolala na wake zao. Na Oktoba 2023 Oman ilisimamisha visa mpya kwao, nendeni mkawaulize walivyoona.

#19 Mpemba wa Maskati
*Simu yake, si simuni. Vidole.

#20 Binti Sheria
Nimesoma kurasa zote mbili na hakuna aliyeandika Rana Plaza. Kweli?

Savar, nje kidogo ya Dhaka, 24 Aprili 2013. Jengo la ghorofa nane, za juu zimeongezwa kinyume cha kibali, majenereta yamewekwa juu. Siku moja kabla nyufa zilionekana. Benki iliyokuwa chini ikawaambia wafanyakazi wake wasije. Washonaji walioshona juu yao wakaamriwa warudi, wengine kwa kutishiwa mshahara wa mwezi. Wakafa 1,134. Ule mshono ulionyooka kama reli, mzee #1, umeshonwa na watu wa namna hiyo. Kima cha chini cha washonaji kilipopandishwa mwisho wa 2023 kilifika taka (ndiyo pesa yao) 12,500 kwa mwezi, wao walikuwa wanadai 23,000.

Msinielewe vibaya. Baada ya pale ulisainiwa mkataba wa usalama wenye nguvu ya kisheria kati ya kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi, wahandisi wakaingia viwandani, milango iliyokuwa inafungwa kwa kufuli ikafunguliwa. Ila ilibidi wafe kwanza.

#21 Mzee wa Belo
Binti Sheria, nimekaa kimya kidogo baada ya kusoma. Nimerudi kuangalia lebo. Hazina tarehe.

#22 Mwana wa Athi River
@20 ni kweli, lakini uliza pia wasichana wenyewe. Yule msimamizi aliniambia dada zake wawili wanashona Dhaka, na kijijini kwao wangekuwa wameshaolewa wakiwa na miaka 14.

#23 Binti Sheria
Hoja ya kazi mbaya kuliko ndoa mbaya naijua. Kilichowachelewesha wasichana kuolewa si cherehani peke yake. Kuanzia 1994 serikali iliwalipa wasichana wa vijijini posho ya kusoma sekondari kwa masharti: mahudhurio asilimia 75, alama zisishuke, na usiolewe kabla ya 18. Leo wasichana sekondari ni wengi kuliko wavulana. Na bado karibu nusu ya wanawake wao huolewa kabla ya miaka 18. Kwa hiyo hata posho haikumaliza kazi.

#24 Meno ya Arusha
Naongeza la maji, maana mnaowasifia mashirika mnisikie. Kuanzia miaka ya 70 wafadhili waliwachimbia visima vingi vya pampu ya mkono, ili waachane na maji machafu ya mabwawa. Nia njema kabisa. Mwaka 1993 ikaonekana maji ya visima vingi yana aseniki. Jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 2000 likaandika kwamba ni sumu iliyowafikia watu wengi kuliko yoyote katika historia. Ikabidi wapime kimoja kimoja na kupaka rangi pampu: kijani kunywa, nyekundu usinywe. Fikiria unaamka asubuhi pampu ya mlangoni kwako, uliyoinywa miaka 15, inapakwa nyekundu.

Sisi wa Arusha na floridi yetu ya majini, inayotia meno rangi, tunawaelewa. Picha ya kitambulisho tunapiga tumefumba mdomo.

#25 Kobe Asiye na Haraka
Ndio maana jina lako hilo! Miaka mitatu humu nadhani wewe ni daktari wa meno.

#26 Kilindoni
Niko Mafia. Mei 2024 Hidaya ilivyopita nilikuwa nimeshika bati langu kwa mikono, kwa hiyo mimi suala la vimbunga ndilo linalonihusu kuliko mashati.

Kule 1970 walikufa zaidi ya 300,000 kama alivyosema mleta uzi. 1991 kama 139,000. 2007, Sidr, kama 3,400. 2020, Amphan, walihamishwa zaidi ya watu milioni 2 na vifo vikawa makumi tu. Bahari ile ile, upepo ule ule. Wana watu wa kujitolea zaidi ya 70,000, nusu wanawake, na vifaa vyao ni spika ya mkono, baiskeli na bendera. Bendera tatu zikipanda, unaondoka. Majengo ya kujihifadhi yako juu ya nguzo, siku za kawaida ni shule.

Mwaka 1991 wanawake wengi walikataa kwenda kwenye majengo yale, kwa kubanana na wanaume wageni, na kwa kumwacha ng'ombe. Wakafa majumbani. Baadaye wakajenga vyumba vya wanawake na vichuguu vya udongo vya kupandishia mifugo. Mimi hiyo ndiyo naiita maendeleo ya watu wote: mtu amekaa akajiuliza ng'ombe analala wapi.

#27 Profesa wa Kijiweni
Spika ya mkono inafika kwa kila mtu kwa sababu ya nini? Msongamano.

#28 Mrundi wa Kigoma
😂 Profesa hafi.

#29 Mtakwimu Asiye na Ajira
Samahani kuharibu sherehe. Hizo dola 2,500 za #1 zishikeni kwa koleo. Julai na Agosti 2024 vijana wa vyuo waliingia barabarani kupinga nafasi za kazi serikalini, asilimia 30, kutengewa wazao wa wapiganaji wa 1971. Umoja wa Mataifa umekadiria waliouawa wanaweza kufika 1,400. Tarehe 5 Agosti waziri mkuu Sheikh Hasina akakimbilia India, na aliyeitwa kushika serikali ya mpito ni yule yule Yunus wa mikopo. Desemba mwaka huo kamati ya wachumi ikasema takwimu za ukuaji zilipikwa na kwamba kama dola bilioni 16 zilikuwa zinatoroshwa nje kila mwaka.

Nchi ilikua, sawa. Ila mwenye digrii alikuwa kijiweni, kama mimi.

#30 Nondo Kavu
Hilo la takwimu nakubali, ila mashati hayakupikwa. Mnunuzi wa Hamburg ana risiti yake. Vifo vya watoto pia havikupimwa na serikali peke yake.

#31 Mtoto wa Mkonge
Tanga hapa. Jamani mmesahau kwamba nao walikuwa na zao lao lililokufa. Sisi katani, wao juti. Nailoni na plastiki zikaja, wote tukalia. Kiwanda chao cha Adamjee, kilichowahi kuwa kikubwa kuliko vyote vya juti duniani, kilifungwa 2002. Eneo lake wakaligeuza kuwa ukanda wa viwanda vya kuuza nje. Hata njaa ya 1974 ina juti ndani yake: walikuwa wameuza magunia Cuba, Marekani ikashikilia chakula cha msaada.

Babu yangu alikata mkonge Ngomeni. Mashine ya kusindika aliyokuwa anaisimulia ipo, imeota mti katikati. Kwa hiyo swali langu kwa #1 si walitupitia wapi. Tulikuwa stendi moja. Nauliza wao walipoona basi moja limeharibika, nani aliwaambia kuna jingine?

#32 Nondo Kavu
Daewoo.

#33 Nesi Mstaafu
Mama zao.

#34 Mpemba wa Maskati
Njaa.

#35 Profesa wa Kijiweni
Mnajua jibu langu.

#36 Mzee wa Belo
Asanteni wote, nimepata zaidi ya nilichouliza. Lile la buluu limetoka leo asubuhi kwa elfu saba. Kijana anakwenda usaili Bodi ya Maji, alisoma lebo akasema "hii ya Bangladesh, hii haichuji." Nikamuuliza amejuaje. Akasema kila mtu anajua.

#37 Fundi Mapande
Mzee wa Belo, nije faragha tuzungumze. Yale mashati yenye madoa yasiyouzika usiyatupe, nikatie lebo za shingoni uniwekee. Nanunua mia mia. Mashati yangu ya mikono mirefu yana mshono huo huo, ovaloki ile ile, nikiyatundika bila lebo wanasema ya Tandika wanapita. Nikishonea lebo ya Bangladesh yanatoka siku hiyo hiyo.